Bluu Isiyotaka Jiki

Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja. Daktari Gerson, mganga mfawidhi wa zahanati yetu, aliilaza mezani na kuigeuza ili niisome.

"Weka saini hapa chini, Sista Leonia," alisema. "Gari la chanjo linarudi wilayani Kilindoni saa saba. Nataka iondoke nalo."

Ilikuwa saa tano na nusu asubuhi. Barua ilisema kwamba Arafa, mhudumu wa afya, alizembea kutakasa nguo na vifaa vya chumba cha kujifungulia. Kwamba kwa uzembe huo wazazi wawili walishikwa na homa ya uzazi ndani ya siku kumi. Na kwamba zahanati inaomba mkataba wake ukomeshwe mara moja. Chini kulikuwa na mistari miwili. Wa kwanza ulikuwa tayari na saini ya Gerson. Wa pili ulikuwa wangu, mkunga msimamizi wa chumba cha uzazi.

Arafa mwenyewe alikuwa amesimama karibu na mlango, mikono ameikunja tumboni. Hakuna aliyemwambia akae, ingawa ana umri wa mama yangu na viti vilikuwepo.

Sikumwonea huruma. Tangu asubuhi nilikuwa na hasira naye, na hasira yenyewe haikuhusu homa wala wazazi. Ilihusu gauni lake.

Nianze na magauni, maana bila hayo hakuna kitakachoeleweka. Sare zetu za zamani zilikuwa nyeupe. Aliyemchagulia mkunga rangi nyeupe natamani nimkabidhi zamu moja tu yenye wazazi watatu. Tena ilikuwa tetroni, ukisimama mlangoni na jua nyuma yako kila mtu anajua umevaa nini ndani. Maji ya kisima chetu yana chumvi, sabuni inagoma kutoa povu, na baada ya miezi mitatu nyeupe inakuwa rangi ya meno ya mvuta sigara. Siku za hedhi tulifanya kazi tumejifunga khanga kiunoni, tukitembea kwa hadhari. Daktari Gerson yeye hutupia koti juu ya suruali yoyote, amemaliza. Sare zilizoshonwa tayari za Dar es Salaam bei yake ilikuwa ya kuchekesha, ila sisi hatukucheka.

Basi nikasema nitatafuta mwenyewe. Jumamosi tatu nilizunguka maduka ya Kilindoni, na ya tatu nikaangukia kwa Bibi Jenabai, ambaye ukoo wake umeuza nguo pale tangu kabla babu yangu hajatoka Bukoba hata kwa matembezi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho, akasikiliza shida yangu yote. Kisha akashusha jora la bluu iliyoiva. Alichomoa uzi mmoja, akauchoma kwa kiberiti, akanusa moshi.

"Pamba imo," alisema. "Nusu kwa nusu. Joto halitakuua, na pasi hakitaki sana."

"Kinachuja?"

"Kwa sabuni hakichuji. Fua mpaka uchoke. Lakini jiki usitie, Sista. Bluu hii haitaki jiki. Litakula rangi."

Nilimsikia. Sitaki mtu aje kunitetea kwamba sikusikia. Ila alipotaja bei masikio yangu yaliacha kila kitu kingine, nikakata mita za kuwatosha wanawake wanne, nikapanda bajaji nikiimba.

Fundi wetu, Mwanahalima, alishona vizuri. Alimwekea Arafa mikono mirefu ya kukunja, sisi wengine mifupi. Wote alituwekea mifuko mikubwa, na kwa kubana kitambaa, ndani ya mifuko alitumia vipande vya sare zetu za zamani, zile nyeupe. Tulipovaa mara ya kwanza hata wagonjwa walitusifu. Nami niliwaambia wenzangu kwamba uzuri mkubwa wa rangi ile ni mmoja: damu haionekani.

Pia niliwaambia jambo jingine. Niliwaambia wafue kwa sabuni ya unga na maji baridi, basi. Ndoo ya jiki iendelee kutumika kwa mashuka na vifaa, lakini magauni yasiiguse.

Sasa, asubuhi ile, siku ya kliniki, mabenchi yamejaa akina mama na watoto, Arafa, ambaye mbele ya watu hulifunika gauni kwa khanga, akaingia khanga ameitupia mabegani tu, gauni lina madoa. Siyo moja wala mawili. Kifua chote, mikono yote, mpaka pindo, vidoa vya rangi ya kutu kama manyoya ya kanga wa porini. Nilichemka.

"Bi Arafa, umefanya nini? Nguo ya mwezi mmoja!"

"Nimeiloweka kwenye jiki, Sista."

"Sikusema msiloweke?"

"Ulisema. Lakini mwanzo wewe huyohuyo ulinifunza, nguo iliyogusa damu dakika kumi kwenye jiki. Damu haijui kama gauni jipya."

Akina mama wawili watatu walicheka. Nilihisi wananicheka mimi, nikapandisha sauti. Nilimwambia amekuwa kanga kweli, kilichobaki ni kutaga. Nilimwambia kuna watu ukiwapa kitu kizuri wanakirudisha kwenye tope. Nilimtukana mwanamke mtu mzima mbele ya benchi zima, naye akainamisha kichwa, akachukua ufagio wake.

Saa mbili baadaye ndipo Gerson akatuita ofisini.

"Sista, unasubiri nini?" alisema sasa. "Mwalimu Careen yuko hospitali ya wilaya, siku ya sita leo, maziwa yamekauka. Mke wa Kombo aliyeletwa hapa kwa boti kutoka kisiwa cha Bwejuu yuko kitanda cha pili kutoka chake, na jana joto lilifika arobaini. Wote wamejifungulia chumba chetu. Wilayani wananiuliza maswali. Lazima nijibu kitu."

"Zote mbili zilikuwa zamu zangu," nilisema.

"Zako na Arafa. Wewe unazalisha, yeye anasafisha. Usafi ukiwa mbovu, kosa ni la nani? Kikulacho ki nguoni mwako, Sista. Tumemlea mno."

Niliona hoja imekaa sawa. Tena, na hili naliona aibu kuliandika, niliona raha. Mtu anayeharibu gauni kwa ukaidi, kwa nini asiharibu na mengine? Nilitia mkono mfukoni kutoa peni.

Peni ilikuwa imenasa. Kifuniko chake kiliuma kitambaa cha ndani, nikavuta, ikatoka na mfuko mzima, umegeuka nje, mweupe juu ya bluu.

Haukuwa mweupe. Ulikuwa na alama nne za kahawia, zimekauka, nyembamba kwa mpangilio, kana kwamba mtu alipitisha vidole. Chini yake zilikuwa nyingine, zimefifia kidogo kwa sabuni lakini hazikutoka. Na katikati ya uchafu ule imekunjwa futi yangu ya kamba, ile ninayopimia matumbo.

Niliurudisha mfuko ndani upesi. Gerson alikuwa anaangalia saa. Arafa alikuwa anaangalia sakafu.

Aproni za plastiki zilikuwa zimetuishia mwezi mzima, kwa hiyo damu ilikuwa inaishia kwenye magauni yetu. Nilijiona namzalisha mke wa Kombo, glavu zimelowa, najipapasa mfukoni kutafuta futi, kwa haraka, kama nilivyofanya mara mia. Siku nne kabla nilifanya vilevile kwa Careen. Kati ya hapo nililifua gauni kwa sabuni na maji baridi, nikalianika, nikalipiga pasi, nikalisifu. Jiki halikuligusa hata siku moja.

Hakuna mtu angeweza kuapa kwamba homa ilitoka mfukoni mwangu. Chumba kina kuta, kina kitanda, kina ndoo. Lakini mimi nimesoma. Nilijua ningemwambia nini mwanafunzi ambaye angenionyesha mfuko ule.

"Sista!" alisema Gerson.

Niliinua peni. Nikaishusha karibu na mstari. Nilifikiria leseni yangu, miaka yangu mitatu ya chuo, mama yangu Bukoba ambaye kila Jumapili kanisani huwaambia watu binti yake ni mkunga huko visiwani. Arafa ana mkataba wa mwaka mmoja mmoja tu. Angerudi kwake, angeuza maandazi, watu wangesahau. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, sitajipamba.

Kisha nikamwangalia. Madoa yalianzia kifuani, pale ndoo inaporusha maji unapoinama kukamua. Kwenye mikono yalikuwa mengi zaidi. Hayo hayakutoka kwa kuloweka mara moja. Kila siku mwanamke yule aliinamia jiki, mashuka, mikasi, beseni, na kila siku jiki lilimrukia. Gauni lake zima lilikuwa linasema alichokuwa anafanya tangu tulipolivaa. Langu lilikuwa safi kabisa, bluu kama siku ilipotoka kwa Jenabai.

"Bi Arafa," nilisema, "toa mfuko wako nje."

"Sista?"

"Mfuko. Ugeuze."

Aliugeuza taratibu. Labda alidhani namtuhumu kwa wizi, maana alimtazama Gerson kwanza. Ndani palikuwa peupe, peupe pa kuumiza macho, kingo zimeanza kuchakaa kwa jiki.

Nikasimama, nikageuza wa kwangu.

Gerson alitazama mfuko mmoja, akatazama wa pili. Hakuwa mjinga. Alinyanyuka akafunga mlango, na sauti yake ikashuka.

"Keti, Sista."

"Nimekwisha keti vya kutosha."

"Sikiliza. Hujui kama ni hiyo. Mimi pia sijui. Ukiandika jambo kama hili linakwenda mpaka baraza la wauguzi. Huyu mama anaweza kutafutiwa kazi nyingine. Wewe nani atakutafutia? Mkunga ni wewe na mwenzako mmoja tu hapa, ukiondoka akina mama wataangukia kwa nani? Weka saini. Nguo zianze kulowekwa kuanzia leo. Tumemaliza."

Alisema kwa upole, na upole ule ulinitisha kuliko ukali. Kwa sababu kila neno lilikuwa na ukweli ndani yake. Arafa alikuwa bado ameushika mfuko wake nje kwa vidole viwili, hajui aurudishe au auache.

"Niliwaambia mimi," nilisema. "Bibi Jenabai alinionya kwamba bluu hii haitaki jiki, nami sikurudi nikamwambia basi kitambaa hakitufai. Nilikiona cha bei nafuu, nikakiona kizuri, nikawaambia wenzangu wasiloweke. Aliyekataa ni huyu peke yake."

"Sista Leonia, fikiri."

Nilikata jina la Arafa kila lilipoandikwa. Lilikuwa mahali panne, nikapahesabu ili mkono usisimame. Juu ya la kwanza nikaandika langu, na pembeni nikaeleza habari ya magauni kwa mistari mitatu, nikaweka saini na tarehe. Mwandiko ulikuwa mbaya. Gerson aliichukua barua, akaisoma, akakaa chini kwa kishindo.

"Hii siwezi kuituma hivi."

"Basi chapa nyingine. Hadi saa saba una muda. Usipoituma wewe, mimi napanda gari hilo."

Nilifungua mlango. Mabenchi yalikuwa bado yamejaa, watoto wanalia, mtu anamenya chungwa. Arafa alitoka nyuma yangu na kwenda moja kwa moja kwenye ufagio wake, kana kwamba kuna vumbi lililomsubiri.

"Bi Arafa," nilimwita. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, na benchi la mbele likageuka. "Asubuhi nilikutukana hapa, mbele ya hawa. Wewe ulikuwa sawa na mimi nilikosa. Wazazi wawili wanaumwa, na huenda ni kwa gauni langu. Naomba radhi."

Waliocheka asubuhi hawakucheka. Mmoja, mimba ya miezi minane, aliutazama mfuko wangu uliokuwa bado unaning'inia nje na alama zake, kisha akaweka mkono juu ya tumbo lake. Nilitaka kuuficha mfuko ule. Nikauacha.

Arafa aliegemeza ufagio ukutani. Hakutabasamu, hakusema amenisamehe, na sikustahili aseme. Alivua khanga aliyojitanda mabegani, akabaki na mtandio kichwani, akaninyooshea khanga ile.

"Jifunge hii, Sista," alisema. "Lete gauni. Ndoo iko tayari tangu alfajiri."