Upepo wa Bwana Hempel

Volkmar Quast alifika umri wa miaka arobaini na sita akiwa fundi wa Baroko, muziki wa kale wa Ulaya, aliyeheshimiwa na kila mtu na asiyeajiriwa na yeyote. Kwa miaka ishirini alipiga kinanda cha nyuzi nyuma ya waimbaji wa opera, sauti zao zikimfunika, na akirudi nyumbani aliandika makala za kuwachana wenzake: huyu karuka marudio ya wimbo kama mwizi, yule kazua desturi ambayo karne ya kumi na nane haikuijua. Mara nyingi alikuwa sahihi. Ndiyo maana simu yake haikulia.

Basi kanisa letu hapa Saksonia, Ujerumani, lilipotangaza kazi ya kudumu ya mpiga kinanda, kwenye kinanda cha mabomba cha mwaka 1731, aliomba siku hiyo hiyo. Akiikosa hii hangepata nyingine, na wala hakulificha hilo.

Siku ya majaribio kamati ilikaa chini, imeipa mgongo roshani yenye kinanda ili isijue nani anapiga. Sisi wanakwaya tulikuwa juu kugeuza kurasa. Wawili wakapiga vizuri, wakashuka. Quast alipopanda, kitu cha kwanza alizima mota ya umeme inayopuliza mabomba. Alisema upepo wa mota ni maiti, na kwamba muziki huu uliandikwa kwa upepo wa miguu ya mtu. Mivukuto ya kale ilikuwa bado ipo nyuma ya kinanda, pamoja na magogo yake ya kukanyagia. Akauliza nani atakanyaga. Tukaangalia viatu vyetu.

Akajitokeza mwenzetu Bwana Hempel, mwenye bucha, kilo mia na kumi na tano. Ndiye mwenyekiti wa baraza la kanisa, na bila sahihi yake hakuna mkataba.

"Dakika ngapi?" akauliza, akivua koti.

"Kumi na mbili, na marudio yote. Mtunzi ameyaandika."

"Yeye mtunzi alikuwa anakanyaga?"

Quast akaanza, na nakiri kwamba sijawahi kusikia kinanda chetu kikipumua namna ile. Dakika ya saba aliyekuwa akipumua zaidi ni Hempel. Dakika ya tisa nilimnong'oneza Quast aache marudio ya mwisho. Akatikisa kichwa bila kuinua macho.

Aliposhika sauti za kumalizia, Hempel alikaa chini kwenye gogo. Upepo ukaisha. Mabomba makubwa yalizama kwanza, yakiguna, yakafuata ya kati, mpaka likabaki moja dogo linalia peke yake, nalo likanyamaza.

Mchungaji Gesine Bräuer alipanda ngazi mbiombio, macho yamelowa.

"Bwana Quast, ule mwisho umeufanyaje? Nimesikia mtu anakata roho."

Quast akamtazama Hempel, ambaye uso wake ulikuwa mwekundu kama nyama mbichi.

"Ni desturi ya zamani," akasema. "Ya mafundi wa sehemu hizi. Imesahaulika."

"Na wale wawili hawakuijua!"

"Wanaoijua ni wachache."

Kamati haikuhitaji hata dakika tano. Mkataba uliletwa juu, kwa sababu mwenyekiti hakuweza kushuka. Mchungaji alipokwenda kuwaarifu wale wengine, Hempel aliuweka mkataba gotini, akashika kalamu bila kuandika.

"Desturi ya zamani, eh?"

Quast alikuwa amewiva kwa haya mpaka masikioni.

"Haya, kijana wangu, tuienzi. Kila Jumapili nitakanyaga mimi, na nikichoka ndio mwisho wa wimbo. Hata ukiwa katikati."

"Na marudio?" Sauti ya Quast ilikuwa ndogo.

"Marudio utapiga kwako, na mkeo akikuruhusu."

Quast akasema hana mke. Kisha akamwomba kalamu.