Sare Nne Kwenye Reli

Katika chumba cha kufulia cha hospitali ile, kila shuka, kila taulo na kila sare ya muuguzi ilishonewa chipu ndani ya upindo, kitu kidogo kuliko ukucha. Ukipitisha nguo langoni, lango linalia pii, na skrini inakuambia ni ya nani, imetoka wodi gani, imefuliwa mara ngapi. Hakuna kuhesabu kwa kidole, hakuna kugombana na wodi kuhusu mashuka yaliyopotea. Mtu aliyekaa langoni hapo miaka nenda miaka rudi wenzake walimbandika jina la Bwana Pii. Alishalizoea, maana hata mkewe alilitumia akitaka kumchokoza.

Mkewe alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto. Alifariki ghafla, Jumapili asubuhi, ameinama anafunga kamba za viatu. Watu walikuja, wakalia, wakapika, wakaondoka. Bwana Pii hakulia. Usidhani alijikaza kiume. Alikuwa amekufa ganzi tu, kama fizi iliyochomwa sindano: unajua jino limetolewa, unapagusa kwa ulimi, husikii kitu. Mazishi yalipokwisha, kesho yake alikuwa kazini kabla ya watu wote, na waliompa pole aliwajibu "asante" kwa sauti ileile ya kumwambia mtu mashuka yako tayari.

Sare za wauguzi zilikuwa na utaratibu wao. Zikishapigwa pasi zilitundikwa kwenye reli ndefu inayozunguka darini. Muuguzi akigusisha kadi yake dirishani, reli inajizungusha yenyewe na kumsogezea sare yake, si ya mwenzake. Kila mmoja alikuwa na sare nne. Sare za mtu zikikaa miezi miwili bila kupita langoni, kompyuta ilihesabu kwamba mwenyewe hayupo, ikalifuta jina lake na kuitoa nafasi yake kwa mwingine. Hakuna aliyekaa kikao kuamua jambo hilo. Lilijifanya lenyewe.

Muda ulipokaribia, alama ya njano ikatokea pembeni ya jina la mkewe. Bwana Pii aliikodolea macho kwa kitambo. Kisha akainuka, akaziita zile sare nne kwa kadi yake ya kazi, inayofungua nafasi zote za reli, safi zote, zimenyooka, akazitupa kwenye kapu la nguo chafu na kulisukuma kapu langoni. Lango likalia mara nne. Njano ikatoweka, na kwa mujibu wa skrini muuguzi huyo alikuwa kazini kama kawaida.

Hapo ndipo ulipoanza ugonjwa wake. Angezifua mara moja tu kila miezi miwili, ingetosha kabisa. Mtu mvivu angefaidika hapa. Lakini Bwana Pii hakuwa mvivu, na sare zile zikawa zinaingia na mzigo wa kwanza kila asubuhi aliyokuwa zamu. Tusidanganyane, hakujisikia vizuri kwa kufanya hivyo. Hakujisikia vyovyote. Ila skrini ilipoonyesha jina la mkewe na saa ya asubuhi hiyohiyo, mchana aliweza kula.

Aliyekuwa akizipiga pasi ni mdogo wa marehemu, aliyefanya kazi meza ya mwisho kabla ya reli. Mwezi ukapita, wa pili, mwaka ukakatika, naye alizinyoosha kola na kuzitundika kama nguo za mtu yeyote.

"Shemeji," alimwambia siku moja bila kuinua uso, "dada ana bidii kweli siku hizi. Anachafua sare nne kwa siku."

"Zipige tu, shemeji."

"Nazipiga. Nilikuwa nasema tu."

Wakaachia hapo. Yeye naye alikuwa na yake moyoni, na kila mmoja alimezea.

Kisha akaja msimamizi wao, mama mmoja mpole asiyependa maneno mengi, ameongozana na muuguzi mpya aliyevaa sare ya kuazima. Mikono ilikuwa imekunjwa mara mbili na bado ilimfika viganjani.

"Bwana Pii, binti huyu ni wa wodi ya watoto. Mpatie nafasi kwenye reli."

"Reli imejaa, mama."

Msimamizi alizunguka meza, akaisoma skrini kuanzia juu. Alipofika kwenye jina lile aliligusa kwa kidole. Siku ya mazishi alikuwapo, tena ndiye aliyemshika mkono Bwana Pii kaburini.

"Nafasi hii nayo inatumika?"

"Inatumika."

"Na nani, baba?"

Bwana Pii alizitazama mashine zikizunguka. Muuguzi mpya, ambaye hakuelewa lolote, alijitia kusoma tangazo la kunawa mikono.

"Sitaki kuifuta mimi," msimamizi alisema kwa sauti ya chini. "Nakuachia uifute mwenyewe, kabla wiki haijaisha."

Hakuifuta. Aliwaza kwamba watakayemleta kuifuta na wamlete, yeye kidole chake hakitagusa. Kesho yake alizitia sare kapuni kama kawaida na kulisukuma langoni.

Lango halikulia pii. Lilitoa mlio mrefu mzito, na taa nyekundu ikawaka. Alirudisha kapu nyuma, akapitisha sare moja moja. Ya kwanza nyekundu, ya pili nyekundu, ya tatu nyekundu. Ya nne, ambayo mkewe alipewa baadaye, ilipita. Chini ya jina lake skrini iliandika kwamba imebakiza kufuliwa mara moja.

Wa kumlaumu hakuwapo. Kila nguo ya hospitali ina idadi yake ya kufuliwa, ikitimia inakatwa matambara ya kufutia sakafu. Yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha wenzake jambo hilo, siku lango lilipowekwa, na aliwafundisha vizuri. Muuguzi anayevaa sare kwa zamu huchukua miaka mingi kuimaliza. Yeye alizimaliza kwa mwaka na kidogo, nazo hazikuwa na mtu ndani. Alisimama akitafuta uchungu kifuani, akaukosa.

Shemeji alikuja kuchukua mzigo akamkuta na ile sare ya nne mkononi. Aliona taa, akaelewa bila kuambiwa.

"Usiipitishe tena," alisema. "Toa chipu, uichukue nyumbani. Mama msimamizi hawezi kukukatalia."

"Ya nini?"

"Ukae nayo. Kitu cha dada."

Shemeji aliipokea, akaisogeza usoni, akavuta pumzi. Akajaribu tena kwenye kola, kisha kwapani. Polepole akaishusha.

"Ni sabuni tu," alisema.

Bwana Pii aliitazama ile nguo kama aliyeulizwa swali na bosi wake.

"Ile aliyoivaa zamu ya mwisho hakuiacha kazini. Mvua ilikuwa kubwa, akaja nayo nyumbani mwilini, koti juu yake. Niliikuta nyuma ya mlango tulipotoka makaburini. Ilikuwa na jasho lake. Na yale mafuta yake ya nywele, hapa kwenye kola."

"Iko wapi?"

"Niliona ni chafu," alisema. "Kesho yake nikaja nayo kazini, nikaifua."

Shemeji alirudi mezani kwake, akachomoa waya wa pasi ukutani. Akajiketisha sakafuni, mgongo kwenye meza, akajifunika uso kwa ile sare na kulia kwa sauti, bila kujali waliokuwa wakipita na mikokoteni. Bwana Pii alimfuata, akasimama pembeni yake, mikono mitupu, akimwonea wivu.