Bahasha ya Madam

Truphena nilimwonea wivu, na sioni haya kusema. Tulitoka Kenya kwa ndege moja, tukaingia nyumba hii ya Al-Rawdah, Jeddah, siku moja. Mwaka jana madam alitupatia viza ya London sote wawili, kisha akasafiri na Truphena peke yake. Mwenzangu alirudi na koti jekundu, akawa analivaa hata akikaanga sambusa, kwenye joto hili!

Bosi wetu, mume wa madam, alikuwa wa ukoo wa kifalme, jemadari wa vita dhidi ya waasi wa mpakani. Wiki ile droni za waasi zilichoma kambi yake, mfalme akamvua cheo. Madam akakimbilia Riyadh kumwombea kwa jamaa, na mnajua alimchukua nani.

Kesho yake asubuhi akanipigia simu, sauti imemkauka. "Roselyne, wamemkamata mume wangu. Fungua kabati langu. Tia paspoti yangu na ya Truphena kwenye bahasha, umpe Hezron dereva apande ndege sasa hivi. Jioni tunaenda London. Yalla, haraka!"

Kabatini paspoti zilikuwa tatu. Niliposhika ya Truphena nililiona lile koti akilini, roho ikaniuma kweli. Nikaisukuma chini ya godoro langu, nikatia yangu pamoja na ya madam, nikaibandika bahasha kwa mate. Madam angeifungua dakika za mwisho, angefoka, kisha angeniita mimi nisafiri naye badala ya Truphena. Akiuliza ya mwenzangu, ningesema mafi, haipo, sikuiona. Nilipanga begi langu nikiimba.

Alasiri akapiga simu Truphena, analia na kucheka.

"Rose, askari waliingia hapa! Wamempeleka madam, na ile bahasha wameibeba yote. Wanasema kila paspoti iliyokuwa ndani ni ya kesi, mwenyewe hatoki nchini. Sisi wafanyakazi wametuachilia. Tuko embassy, na mwenye paspoti anarudishwa nyumbani this week. Yangu haikuwa kwenye bahasha! Si Mungu huyo? Iko huko?"

"Iko."

"Nitumie leo na basi, please. Lakini Rose, niliona wakiifungua. Yako ilikuja huku kufanya nini?"

Nilikuwa nimekaa juu ya godoro, begi langu limefungwa, liko mlangoni. Na hata wakati ule, jamani, nilimwonea wivu.