Kimbunga cha Mjomba Eustace

Kimbunga kilipoanza kujisokota huko baharini, upande wa Komoro, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa taarifa fupi: wavuvi wachukue tahadhari, wananchi wengine waendelee kufuatilia. Wananchi wengine wakaendelea kufuatilia. Mjomba Eustace akaanza kutabiri.

Semeni alikuwa kwenye cherehani yake pale sokoni Mkuyuni, anapunguza kiuno cha sketi ya mteja, simu ilipolia. Ilikuwa ni kundi la WhatsApp la ukoo. Mjomba ametuma ramani. Sehemu ya bahari imejaa rangi za zambarau na nyekundu zinazozunguka, na juu yake mjomba amechora kwa kidole chake mstari mnene wa kijani unaoanzia baharini, unapita Mafia, unakata Rufiji, kisha unanyooka kama umetumwa dukani, moja kwa moja mpaka Mkuyuni. Chini yake ameandika: "Ndugu zangu, kimbunga Rosina kinakuja kwetu. Jumamosi asubuhi kitakuwa hapo. Shughuli ya Semeni haiwezekani. Tuahirishe. Usalama kwanza."

Semeni aliisoma, akaweka simu chini, akashona mshono mzima bila kugundua kwamba sindano haina uzi.

Hii ilikuwa mara ya tatu ndoa yake kuahirishwa. Mara ya kwanza mjomba alikuwa anasahihisha mitihani. Mara ya pili jua lilikuwa kali mno, akasema wageni wazima watageuka wagonjwa. Na mjomba asipokuwepo hakuna kinachosogea. Baba yake Semeni alishafariki, na baba mdogo alikuwa tayari kumwozesha hata kesho, lakini kwa Waluguru mtoto ni wa upande wa mama. Mjomba asipotamka mbele ya wageni kwamba binti ametolewa, sheikh hata kofia havai. Eustace alilijua hilo vizuri kuliko alivyojua kitu kingine chochote duniani. Alikuwa amejenga Mzumbe, akifundisha vijana namna ya kutunza majalada ya ofisi, na huko wanafunzi walimsikiliza kwa sababu ya mitihani. Kwenye ukoo alisikilizwa bure, na utamu wa kusikilizwa bure ulikuwa umemkolea. Mtu anayesubiriwa na watu arobaini ni mkubwa. Akishatamka, amebaki mzee mmoja mwenye sahani ya pilau.

Tatizo ni kwamba watu wa Dakawa, upande wa mwoaji, walikuwa wamechoka. Nasibu, mchumba wake, anayeendesha mashine ya kuvunia mpunga, alikuwa amempigia wiki iliyotangulia na sauti ya mtu aliyetoka kugombana nyumbani.

"Mama amesema safari hii tukirudishwa, hatukanyagi tena huko," alisema. "Anasema huenda mjomba wako ana mtu wake anayetaka kukuoza."

"Hana mtu. Ana ujuaji tu."

"Semeni, mimi nakuelewa. Mama haelewi."

Basi ndivyo mambo yalivyokuwa: Jumamosi ikipita bila mjomba kutamka, Nasibu hayupo tena. Semeni alimpenda yule kijana, tena kwa miaka miwili, na alipouona ule mstari wa kijani alisikia hasira ya kutaka kulia.

Nyumbani mama yake, Mwanvita, alikuwa tayari amejibu kundini: "Sawa kaka. Wewe ndiye unayeona mbali."

"Mama, umeandika nini?"

"Sasa ningeandikaje? Ni kaka yangu." Mwanvita alikuwa anamenya ndizi, machozi yanamdondoka kwenye beseni. "Mambo ya upepo mimi nayajulia wapi?"

"Na yeye anayajulia wapi? Kimbunga nacho kina jalada?"

Pendo, mdogo wake Semeni, akacheka jikoni. Alikuwa na haki ya kucheka na haki ya kuogopa pia. Alikuwa na mchumba wake huko Kinole, naye foleni yake ya kumsubiri mjomba ilikuwa nyuma tu ya hiyo ya dada yake.

Siku zilizofuata mjomba hakulala, wala hakumwacha mtu alale. Alituma ramani asubuhi, alituma ramani mchana, alituma sauti ndefu zenye kikohozi katikati. Alianza kutumia maneno ya "mgandamizo" na "jicho la kimbunga" kama mtu aliyewahi kukaa nalo meza moja. Watu wa ukoo walioko Dar, Kilosa na kwingine wakawa wanamuuliza maswali kama daktari. Je, nianue mahindi? Je, mbuzi wahamie juu? Mjomba alijibu kila mmoja, hata wa Dodoma.

Ila kimbunga chenyewe hakikuwa kwenye kundi. Mamlaka ikatangaza kwamba kimepoteza nguvu kidogo na kinapinda kuelekea kaskazini. Mtu mwingine angesema alikosea, akalala. Mjomba Eustace akarekodi sauti mpya.

"Ndugu zangu, hili nililitarajia," ilisema ile sauti. "Wengi hamjui tabia ya kimbunga na milima. Kimbunga hakipandi mlima. Kikifika kwenye Uluguru kinauogopa, kinauzunguka. Kwa hiyo msishangae kikipinda. Lakini shughuli ibaki imeahirishwa, maana hatuwezi kujua."

Semeni aliisikiliza sokoni, na jirani yake muuza nanasi naye akaisikiliza, maana mjomba hakuwa na sauti ndogo. Akairudia. Kinauogopa, kinauzunguka. Aliutazama mlima wenyewe juu ya mabati ya soko, umekaa na ukungu wake kama kawaida. Akaangalia upande huu iliko Mkuyuni, akafikiria upande wa pili kuna nani. Kisha akaandika kundini, kwa adabu zote:

"Shikamoo mjomba. Samahani, naomba kuelewa. Kikishauzunguka mlima, kinatokea wapi?"

Juu ya kioo pakaandikwa kwamba mjomba anaandika. Pakafutika. Pakaandikwa tena. Pakafutika.

Aliyejibu alikuwa Fidelis, binamu yao wa Kilosa, mtu asiyewahi kuacha neno likapita bila kulishika mkia. "Upande wa pili wa mlima si ndiyo Mzumbe?"

Hapo ndipo ukoo ulipoamka. Mtu mmoja akaichukua ramani ya mjomba, akachora mstari mwekundu unaouzunguka mlima na kuishia Mzumbe. Mwingine akaongeza mshale. Mwingine, kwa huruma kabisa, akauliza kama yale mabati mapya ya bluu ya mjomba yamepigwa misumari ya kutosha, maana kimbunga kilichotoka kuzunguka mlima kinakuja na hasira. Shangazi wa Dar akatuma mikono ya kuomba. Jioni hiyo wote walikuwa wamekubaliana kwamba Rosina ana safari yake, na safari hiyo ni ya kwa Eustace.

Wa kwanza kuamini alikuwa mjomba mwenyewe. Angefanyaje? Nadharia ilikuwa yake. Akisema si kweli, basi hata mwanzo haikuwa kweli. Akisema ni kweli, basi jicho la kimbunga linamtazama yeye.

Ijumaa asubuhi alimpigia Mwanvita. Semeni alikuwa kando, akamwashiria mama yake aweke sauti ya juu.

"Mdogo wangu, hali ya huko ikoje?"

"Jua tu, kaka. Nimeanika mihogo."

"Upepo?"

"Wa kupeperusha pumba."

"Wifi yako Agnes ana wasiwasi kidogo hapa," alisema mjomba. "Mimi sina. Ila nimeona nimlete huko apumzike siku mbili tatu."

"Karibuni sana, kaka," alisema Mwanvita, na kwa mara ya kwanza wiki ile alikuwa anatabasamu. Simu ilipokatika alimgeukia binti yake. "Wewe mtoto, usinifanyie jambo la aibu."

"Jambo gani, mama? Mjomba anakuja kutembea. Na wageni wa Dakawa walialikwa Jumamosi, barua ya kuwazuia hatujawapelekea." Ni kweli hawakuwa wamepeleka. Semeni alimpigia Nasibu akamwambia neno moja tu: njooni.

Gari la mjomba liliingia kabla ya magharibi. Lilikuwa limebeba televisheni iliyofungwa kwenye blanketi, godoro lililokunjwa juu ya paa, jiko la gesi, vyeti vyake viwili ndani ya fremu, na Agnes, aliyekuwa ameshika jogoo mapajani. Suruali zilikuwa zimesahaulika. Mjomba alishuka akiwa na suti ya michezo ya kijani yenye mstari mweupe pembeni, akaangalia angani kama mtu anayekagua kazi ya mwanafunzi.

"Mko salama hapa?" aliuliza.

"Shikamoo mjomba. Salama kabisa," alisema Semeni, akapokea televisheni.

Asubuhi yake mjomba alikuwa bado anakunywa chai uani alipoona turubai linasimamishwa. Aliuliza ni la nini. Pendo akamwambia ni la jua. Kisha akaona masufuria makubwa. Kisha akaona pikapu imesimama barabarani na watu wa Dakawa wanashuka wamevaa kanzu, mbele yao Mzee Hafidhi, mshenga wao, aliyekuwa mpole mara ya kwanza, mpole kiasi mara ya pili, na leo hana hata chembe ya upole. Mama yake Nasibu alibaki kwenye pikapu na mlango wazi, mkoba mapajani, tayari kurudi.

Watu walikaa mkekani. Mjomba, ambaye hakuwa na pa kukimbilia, aliazimwa koti la mtu akalivaa juu ya suti ya michezo. Hilo halikumpunguzia neno.

"Ndugu zetu, tunawaheshimu," alianza. "Lakini mnajua hali ya hewa. Mimi nimekuwa nikifuatilia. Kimbunga hakijapita. Si busara kumtoa mtoto katika hatari kama hii. Tusubiri kwanza."

Mzee Hafidhi alifunga macho. Huko kwenye pikapu, mlango ulianza kufungwa.

Ndani ya chumba, nyuma ya pazia, Semeni alisikia ule mlango. Desturi ni kwamba binti anaitwa aulizwe kama anawafahamu wageni, na haji mpaka aitwe. Hakusubiri. Alijifunika khanga kichwani, akatoka, akapiga magoti mbele ya mjomba wake.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hujaitwa."

"Nisamehe. Nina swali moja. Hapa Mkuyuni leo ni hatari au ni salama?"

"Ni hatari," alisema mjomba. "Nimeeleza tangu Jumanne."

"Kama ni hatari, mbona umemleta shangazi Agnes huku?"

Macho ya watu yaliondoka kwa mjomba, yakaenda kwenye godoro lililoegemezwa ukutani, yakaenda kwenye televisheni, yakapumzika kwa jogoo, aliyefungwa mguu kwenye mpapai na anadonoa bila wasiwasi wowote.

"Basi tuseme ni salama," alisema Semeni. "Kama ni salama, tunasubiri nini, mjomba?"

Mjomba alimtazama mke wake apate msaada. Agnes alikuwa amekaa na wanawake anachambua mchele, na hakuinua uso.

"Ni salama," alisema Agnes. "Mimi na huyo jogoo haturudi kwenye lile gari leo. Tamka, baba, watu wapate kula."

Fidelis, aliyekuwa amekuja kwa pikipiki kutoka Kilosa akiogopa kukosa, alianza kucheka, akageuza kuwa kikohozi. Mjomba Eustace akakohoa pia, akavuta koti la watu likae vizuri, akatamka. Alitamka vibaya, kwa haraka, kama mtu anayetema mbegu ya chungwa, lakini maneno yalikuwa yenyewe: mtoto ametolewa. Mama yake Nasibu alishuka kwenye pikapu akipiga vigelegele. Sheikh akavaa kofia.

Saa ya kula, Mamlaka ilitangaza kwamba Rosina amefia baharini, mbali na Mafia, na hata mvua haikunyesha ya maana. Matone machache yaliliangukia turubai, watoto wakashangilia.

Semeni alikuwa kwenye pikapu na mumewe, wameshapita mji wanaelekea Dakawa, simu ilipolia. Kundi la ukoo. Mjomba ameandika:

"Ndugu zangu, kama nilivyowaeleza tangu mwanzo, milima yetu imekizuia. Mimi niliihamishia familia Mkuyuni kwa makusudi, ili shughuli ya mtoto wetu ifanyike bila hofu. Tumshukuru Mungu."

Chini yake watu walikuwa wameanza kupanga foleni. Hongera mjomba. Hekima, mjomba. Bila wewe tungefanyaje, mjomba. Na katikati ya foleni, mama yake Semeni mwenyewe, aliyelia kwenye beseni la ndizi: "Ahsante kaka kwa kutulinda."

Semeni alicheka kwa sauti mpaka Nasibu akamgeukia. Halafu kicheko kikawa uchungu, akakaa muda anautazama mlima ukibaki nyuma. Alikuwa ameshinda, na mjomba alikuwa pale pale alipokuwa, tena mkubwa zaidi.

Hakuandika chochote kundini. Alimtafuta Pendo pembeni, akamtumia ujumbe wake peke yake:

"Mdogo wangu, msimu wa vimbunga unaanza tena Novemba. Mwambie wa Kinole akae tayari."