Komfotabo

Fundi makochi alikuwa amebana misumari mdomoni, nyundo mkononi, binti yake alipoingia karakanani na begi la safari begani. Akaitema misumari kiganjani, akaweka nyundo chini.

"Karibu, mwanangu! Umekuja wakati mzuri. Mama yako mambo yake safi. Daktari mwenyewe kaniambia jana."

Binti huyo alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule ya mbali. Alipopata habari kwamba mama yake amelazwa tena, aliomba ruhusa, akapanda basi.

"Kakwambiaje hasa, baba?"

"Eti kuanzia sasa watamweka *komfotabo*."

Alilitamka kwa madaha, kama mtu anayemtaja ndugu yake aliyepata cheo. Na kweli, lilikuwa neno lake. Tangu ujana wake, mteja aliyefuata kochi alikalishwa kwanza, akaulizwa, "Komfotabo?", na kochi halikutoka mlangoni mpaka aitikie. Mtaa mzima ulimwita kwa neno hilo. Wapo watoto waliodhani ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Jana alipotoka hospitali alimtangazia kila aliyekutana naye njiani. Kisha akaweka kando kazi za watu, akaanza kumtengenezea mkewe kiti cha kuegemea, aote jua uani atakaporudi. Pale mgongo unapomuuma alikuwa ameweka sponji mbili, moja ngumu, moja laini.

Binti akakaa juu ya gunia la makapi ya sponji. Hakukisifu kiti.

"Hakusema jambo jingine?"

"Alisema zile dawa kali wanaziacha. Si unaona? Hazina kazi tena."

Uso wa binti ukasawijika. Akaanza kuufunga na kuufungua mkanda wa begi lake.

"Baba, wao wakilisema neno hilo, hawakusudii kama wewe."

"Wanakusudia nini? Komfotabo ni komfotabo. Umetulia, huumii."

"Ndiyo. Huumii. Basi, imeishia hapo. Hawamtibu tena, baba. Wanamtulizia maumivu tu, mpaka..."

Fundi aliokota nyundo, akaitazama, akairudisha chini taratibu kana kwamba ingeweza kuvunjika. Swali la kweli, siku zimebaki ngapi, lilikuwa la moto mno, halikukaa mdomoni. Akauliza jingine.

"Hivi neno hili lilitoka wapi?"

Binti akamweleza kama anavyowaeleza wanafunzi wake, sauti ikikwaruza. Kwamba limetoka mbali, kwenye Kilatini, na ndani yake mlikuwa na nguvu. Zamani, kumfanyia mtu kile neno hilo lilichosema kulikuwa kumtia nguvu, kumwinua asimame. Waingereza walilipokea kutoka kwa Wafaransa likiwa bado na nguvu zake. Baadaye likawa la kuliwaza, kama unavyomliwaza aliyefiwa. Kisha, pole pole, likashuka mpaka kwenye vitanda, viti na nguo, kila kisichomuumiza mtu.

"Hapo ndipo nilipolikuta mimi," alisema fundi.

"Hapo ndipo ulipolikuta."

"Halafu madaktari wakalichukua."

Binti akaitikia kwa kichwa.

"Miaka yote hii nalitumia. Wamelibadilisha, na hakuna hata mmoja aliyepita hapa karakanani kuniarifu."

Siku nyingine wangecheka. Binti alijifunika uso kwa viganja, na baba yake akasimama mbele yake, mikono ikining'inia, asijue pa kuipeleka.

Walikwenda hospitali pamoja. Binti alibaki ukumbini kumtafuta daktari. Fundi akaingia wodini peke yake. Mkewe alikuwa macho. Alimtazama mara moja tu.

"Wamekwambia," alisema.

"Wewe ulijua?"

"Nilimsikia daktari. Halafu nikaona ulivyocheka. Tangu niugue sijakuona ukicheka vile, mzee wangu. Nikasema, acha, akae na furaha hiyo hata siku moja."

Mikono ya fundi ikatafuta kazi yenyewe. Ikapita chini ya shuka, dole gumba likipapasa godoro mpaka likapata shimo chini ya nyonga ya mgonjwa. Sponji ilikuwa imekufa. Alijua kwa kugusa kwamba hapo hapakuwa na la kufanya, ukiibinya hairudi. Alivua koti lake, akalikunja, akaliingiza mle shimoni, akalivuta kidogo, akalisawazisha. Swali lake la miaka yote kwa wateja likaja ulimini. Akaling'ata.

"Uliza tu," mkewe alisema. "Wa nje wote umewauliza."

"Siwezi."

"Basi usiulize."

Akamshika mkono. Ulikuwa mwepesi kupita kiasi, na fundi akaogopa kuubana.

Muuguzi akaja na kigari cha chai, akaweka kikombe juu ya kabati dogo la kando ya kitanda, akaenda zake. Fundi akakisogeza karibu na mdomo wa mkewe. Yeye akageuza kichwa.

"Kunywa wewe. Itapoa bure."

"Ni yako."

"Kunywa, nikuone."

Akanywa. Ilikuwa ya vuguvugu, haina sukari. Mkewe alimkodolea macho, midomo yake mikavu ikicheza kidogo, kama naye anaonja. Kila fundi alipomeza, kope za mkewe zilishuka, zikapanda.

Chai ikaisha. Mkewe bado alikuwa akitazama. Fundi akakipeleka tena kikombe kitupu mdomoni, akakiinamisha, akameza.