Blanketi Moja na Mama Mkwe

Wangila alikuwa na chumba kimoja katika ploti ya kupangisha ya Mzee Thuo, mtaa wa Huruma, mjini Eldoret, na ndani ya chumba hicho kimoja alikuwa na mke, mtoto mchanga na tatizo. Tatizo lenyewe lilikuwa mama mkwe.

Si kwamba mama huyo alikuwa mbaya. Alitoka Kimilili mbio aliposikia binti yake Nasambu amejifungua kwa shida, na akakuta mambo si mambo. Ulikuwa mwaka ule wa njaa na unga wa manjano wa msaada, baridi ya Julai ikiuma mpaka kwenye mifupa, na Simiyu mdogo alikuwa ameziba pua hata usiku hawezi kunyonya. Akilishika titi anakosa pumzi, akiliachia analia kwa njaa. Nasambu hakuwa na nguvu hata ya kuketi. Mama yake ndiye aliyempakata mjukuu, akaweka mdomo wake mwenyewe kwenye ile pua ndogo, akafyonza kamasi, akatema kwenye majivu. Mtoto akanyonya, akalala. Kila usiku ikawa hivyo, na kila siku Nasambu alizidi kupata rangi usoni. Mama alisema atakaa mpaka mtoto apate nguvu za kupumua mwenyewe.

Lakini kwa Wabukusu mwanamume na mama mkwe wake hawalali chini ya paa moja, wala hawatazamani usoni. Heshima yao ni umbali, na chumba cha Mzee Thuo hakikuwa na umbali wowote. Basi ikapangwa hivi: Wangila akiwa nyumbani, mama alale kwa Jemutai, jirani wa upande wa pili wa ua. Wangila akienda zamu ya usiku kiwandani, mama aje akae na binti yake. Wangila akirudi alfajiri, akohoe langoni kwa nguvu na kungoja, mama atoke aende zake. Watu wote wa ploti waliusifu mpango huo. Aliyeuchoka ni Wangila peke yake, naye hakumwambia mtu.

Wangila mwenyewe hakuwa mzima. Vumbi la pamba la kiwanda cha nguo lilikuwa limemziba pua akawa anapumulia mdomo, hasikii harufu hata ya sukuma wiki ikiungua. Zamani, kabla ya mgeni, dawa yake ilikuwa moja. Nasambu alichemsha majani ya mkaratusi, wakaketi wawili sufuria katikati, blanketi juu ya vichwa, wakajifukiza huku wakimsengenya msimamizi wa zamu. Hakuna saa ya ndoa yao aliyoipenda kama hiyo, na alikuwa ameikosa tangu mgeni afike.

Usiku mmoja stima ilipotea kiwandani, na baada ya kungoja gizani mpaka wakachoka, wafanyakazi wakaambiwa waende nyumbani. Wangila alitembea na ukungu, kichwa kizito, pua zote mbili zimefungwa kabisa. Alipofika kwenye ploti hakukohoa. Alijiambia kwamba saa hizo mama amekwisha kwenda kulala kwa Jemutai. Ukweli ni kwamba hakujiuliza sana. Mtu aliyechoka huamini linalompa nafasi ya kuketi.

Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Ndani giza, koroboi imezimika, na kando ya jiko mtu amejifunika blanketi juu ya sufuria. Wangila akafurahi kama mtoto. Akavua koti, akainua pindo la blanketi, akaingiza kichwa, akaegemea lile bega la joto.

"Sogea kidogo," alisema kwa sauti ya mafua. "Stima imepotea, wametufukuza."

Bega likakauka, wala halikusogea. Akadhani mkewe amesinzia.

"Na huyu mama yako anaenda lini? Mimi nimechoka kuingia kwangu kama mwizi. Unga yenyewe tunapigia foleni, na yeye anakula kama mtu wa kibarua cha mjengo. Mtoto tungemlea wenyewe."

Wangila akavuta mvuke, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na pua moja ikafunguka. Kwanza ikaja harufu ya mkaratusi. Halafu, nyuma yake, harufu ya ugoro. Nasambu hakuwahi kugusa ugoro maishani mwake.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na Wangila alikuwa amejikwaa vyote. Alitoka chini ya blanketi kinyumenyume, akanyakua koti, akakimbilia nyuma ya bafu la mabati, akachuchumaa pale. Kutoka hapo alimwona Nasambu akirudi kutoka kwa Jemutai alikokwenda kuomba mafuta ya taa, mtoto mgongoni.

"Mama, ulikuwa unaongea na nani?"

"Na nani tena?" mama alijibu. "Ni mimi na hii mafua mjukuu wangu ameniambukiza. Funga mlango, baridi inaingia."

Hakutaja mtu. Wangila alilia pale nyuma ya bafu, mwanamume mzima, kwa sababu ya kufichiwa aibu na mtu ambaye yeye mwenyewe alimwaibisha.

Asubuhi alikohoa langoni kama kawaida. Nasambu alimpokea macho yamevimba. Mama anataka kwenda leo, alisema, ati amewakumbuka ng'ombe wake. Na Simiyu je, nani atamfyonza pua usiku? Nimemkosea nini mama?

Wangila hakuweza kumtazama. Alivuka ua hadi kwa Jemutai, akasimama nje, mgongo kwenye ukuta wa mbao, kama mila inavyotaka.

"Mama, ni mimi."

Ndani, vitu vilivyokuwa vikifungwa vikaacha kufungwa.

"Nimesikia, Baba Simiyu."

"Ile ya jana. Sikujua. Nilifikiri ni Nasambu."

"Hiyo ya blanketi si kitu," mama alisema bila hasira. "Wazee watatafuta kondoo wa kutakasa, itaisha. Giza ni giza."

"Basi kaa, mama. Mtoto anakuhitaji. Na yale maneno yangu, nisamehe. Yalikuwa ya uchovu tu."

Mama alijibu polepole, kama anayemsaidia.

"Ungeniambia mimi, ningesema kijana ana hasira, zitaisha, na ningekaa. Lakini hukuwa unaniambia mimi. Ulikuwa unamwambia bibi yako. Mtu hadanganyi bibi yake gizani, Baba Simiyu."

Kila jibu alilofikiria Wangila lilikuwa uongo, na mama angelijua kupitia mbao zile.

Jemutai akatoka na kikapu cha mama kichwani, akamwambia taratibu ajigeuze, mama apite. Wangila akageuka, akaweka paji la uso kwenye ukuta. Nyayo zilipita nyuma yake bila haraka, zikaelekea barabarani. Alikuwa ameichoka mila hiyo kwa wiki nzima. Sasa aliishukuru, kwa kuwa ilimkataza kumwona usoni.