Barua Aliyochapa Bi Mwanarusi

Jumatatu moja ya mwaka wa tisini na nane, Mutheu, fundi mpya wa kompyuta, alifika kazini Voi akakuta seva ya chama cha wakulima haijapokea barua pepe hata moja tangu wiki iliyopita. Kabla hajagusa kitu, meneja, Bwana Kimeu, alikuwa ameshampata mkosaji. Seva ilikuwa imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, chenye maua ya kijani, mpaka kwenye matundu yake ya hewa. Karani wao, Bi Mwanarusi, alikileta Ijumaa kabla ya kwenda kuswali. Kwao redio na televisheni huvishwa vivyo hivyo.

"Umeivalisha nguo za Idi, sasa joto limeiharibu akili," alisema Bwana Kimeu. "Watu wa Mboghoni wana vitunguu vinaoza, na oda zao zimekwama humo."

"Niliogopa vumbi, Bwana Kimeu. Sikujua kuwa inapumua."

Mutheu naye aliamini ni kitambaa. Alikiondoa, akaanza kukagua kama alivyofundishwa chuoni, kitu kimoja kimoja: umeme, nyaya, taa za modemu. Aliinua mkono wa simu, akasikia mlio. Feni ilizunguka vizuri. Mwishowe akafungua faili ambamo mashine huandika yenyewe kila inalofanya, akasoma.

Barua zilikuwa zimekwama tangu Alhamisi, saa tano na dakika kumi. Kitambaa kilikuja Ijumaa.

Alhamisi saa tano ni Mutheu mwenyewe aliyekuwa kwenye kiti kile. Alibadilisha anwani ya mashine ya Mombasa inayowaletea barua, akitumaini zitakuja haraka zaidi. Hakuweka nakala ya mpangilio wa zamani wala hakujaribu kutuma hata barua moja. Aliuacha mtambo hivyo hivyo, akakimbilia Bomeni kufundisha wakulima kompyuta hadi Jumamosi. Na swali la kwanza katika kazi yake ni lile la siku zote: nini kilibadilishwa mwisho, na nani?

Alirudisha anwani ya zamani. Modemu ikapiga kelele zake, barua zikaanza kumiminika.

"Msomi wetu ameiponya," Bwana Kimeu alisema, akimpiga begani. Muda wa majaribio wa Mutheu kazini ulikuwa unaisha Ijumaa hiyo. Alitabasamu, akaifunga ile faili.

Chai ilipoletwa, Bi Mwanarusi alimkatia nusu ya andazi lake. "Kula, mwanangu. Umeniokoa." Mutheu alilila lote.

Saa nane Bwana Kimeu alitoka ofisini kwake na karatasi aliyoiandika kwa mkono. Mpiga taipu pale alikuwa mmoja tu, kwa hiyo akaiweka mbele ya Bi Mwanarusi bila kumtazama, akarudi ndani. Ilikuwa barua ya kumwachisha kazi Bi Mwanarusi mwenyewe.

Alirekebisha buibui lake, akaingiza karatasi na kaboni, akaanza kuchapa. Katikati akasita.

"Mutheu, hapa ameandika 'ameunguza mtambo'. Lakini si umeshapona? Niandike 'amekaribia kuunguza'? Sitaki kumharibia barua yake."

Mutheu aliweka kiganja juu ya karatasi ya meneja. "Usichape, Bi Mwanarusi. Ni mimi. Nilibadilisha kitu Alhamisi, nikakosea. Kitambaa chako hakikufanya lolote."

Bi Mwanarusi aliondoa vidole kwenye taipu. "Umejua tangu lini?"

"Kabla ya chai."

"Kabla ya chai," alirudia polepole. "Na andazi langu ukala."

Mutheu alirudi kwenye mtambo. Alichapisha ukurasa ule wenye saa na tarehe, akaupeleka kwa Bwana Kimeu, akaeleza yote akiwa amesimama. Meneja aliusoma mara mbili. Kisha akasema ile barua ya kwanza itupwe, akachukua karatasi nyingine, akaandika: onyo kwa Mutheu, na majaribio ya miezi mitatu mingine.

"Mpe Mwanarusi achape."

"Hapana, mzee. Hii nitachapa mwenyewe."

Bi Mwanarusi alimpisha kiti, akahamia kwenye meza ya pili na faili zake. Mutheu alichapa kwa vidole viwili, akitafuta kila herufi. Alipofuta mstari wa kwanza mara ya tatu, sauti ilimfikia kutoka upande wa pili, kavu, mwenyewe hajainua macho.

"Tarehe huwekwa kulia."